Ameitwa Wapi? Wazazi wa Naro Moru na Orodha ya Shule 12

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi ya 2025, salamu za Naro Moru zilikatwa nusu. Kwenye steji ya matatu za Nyeri na Nanyuki, kwa kinyozi, nje ya kanisa, mzazi wa mtoto wa Gredi ya 9 hakuulizwa mvua imenyesha kiasi gani wala viazi vinauzwa vipi. Aliulizwa: ameitwa wapi?

Tumeulizana hivyo miaka nenda miaka rudi, ila safari hii majibu yalikuwa mageni. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, watoto zaidi ya milioni 1.1 waliofanya mtihani wa KJSEA, lilikuwa linavuka kwenda sekondari pevu. Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza matokeo Desemba 11, na siku chache baadaye kompyuta ya wizara ikatoa shule. Mzazi aliyelelewa na KCPE, mtihani wa darasa la nane ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, alikuwa na kipimo chake kichwani: alama 400 kati ya 500 ni za kuchinjiwa mbuzi, 350 ni za kuombea shule yenye jina, 250 ni za hapa karibu. Sasa ameletewa karatasi yenye EE1, ME2 na AE1, ngazi 8 kwa kila somo, masomo 9. Na hesabu yenyewe si ya siku za mtihani pekee. KJSEA ina uzito wa asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KPSEA aliyoifanya akiwa Gredi ya 6 asilimia 20. Kama mtoto alikuwa na homa wiki ya KPSEA, ameibeba homa hiyo mpaka Gredi ya 10.

Kisheria hakuna bahati nasibu yoyote. Wizara inasema nafasi hugawanywa kwa kuangalia matokeo, chaguo la mwanafunzi, usawa na nafasi zilizopo shuleni. Lakini wakutanishe wazazi wawili ambao watoto wao walikaa dawati moja, wenye ngazi zinazokaribiana, mmoja ameitwa Kagumo na mwingine ameitwa shule ya kaunti ya mbali ambayo baba yake hajawahi kuisikia. Watazungumza kama watu waliotoka kucheza pata potea. Kompyuta imempenda huyu, imemkataa yule. Hakuna atakayekuambia kilichoamua.

Kuna miji ambayo imeona afadhali kura ipigwe hadharani. Brighton, kusini mwa Uingereza, iliamua mwaka 2007 kwamba shule ya umma ikiombwa na wengi kuliko nafasi zake, watoto wa eneo lake watachaguliwa kwa kura. New York tangu 2003 inawapanga wanafunzi wa sekondari kwa kanuni iliyosanifiwa na wanauchumi, akiwemo Alvin Roth, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Pale pia nambari ya bahati nasibu hutumika pale watoto wanapolingana. Faida ya kanuni ile ni kwamba mzazi anaweza kuandika shule anayoipenda kwa dhati katika nafasi ya kwanza bila kuogopa kwamba ukweli wake utamponza. Hapa kwetu ushauri wa mtaani ni kinyume kabisa: usiweke ile kubwa juu, utakosa hata ile ndogo. Uwe ushauri mzuri au mbaya, watu wanaujaza kwenye fomu. Mimi binafsi ningechagua kura ya wazi kuliko kompyuta ambayo mzazi wa Kieni, eneobunge letu, anaisoma kama ramli ya mganga.

Fomu yenyewe ilikuwa na nafasi 12. Mtoto alitakiwa kuchagua mkondo kwanza: STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Kisha michanganyiko mitatu ya masomo, na kwa kila mchanganyiko shule 4. Katika hizo 12, shule 9 ziwe za bweni, 3 ndani ya kaunti yake na 6 nje, na 3 za mwisho ziwe za kutwa katika kaunti ndogo anayoishi. Yale majina ya zamani, shule ya kitaifa, ya kaunti, ya kaunti ndogo, yamefutwa na badala yake kuna C1, C2, C3 na C4. Kubadilisha jina ni rahisi. Mzazi wa Naro Moru alijua ndani ya wiki moja kwamba C1 ni zilezile kubwa na C4 ni ileile ya kutwa inayoonekana kutoka barabarani.

Juu ya zile 9 za bweni kulikuwa na vikao. Wajomba walipigiwa simu Nairobi, mwalimu wa darasa aliulizwa, shangazi aliyesoma Ngandu alitoa neno. Zile 3 za kutwa ziliandikwa mwisho, haraka haraka, kwa sababu fomu isingekubali bila kujazwa. Nchi nzima ina zaidi ya shule 9,000 za sekondari pevu, na zile za bweni zenye majina ni sehemu ndogo mno ya hizo. Hesabu ya darasa la tano ingetosha kuonyesha kwamba watoto wengi wataangukia pale ambapo wazazi wao hawakupafikiria.

Imani hii ya bweni haikuzuka jana. Nyeri High ilianza 1924, Kagumo 1933, na wamishonari waliozijenga shule za mwanzo za Mlima Kenya waliamini kumtoa mtoto nyumbani ni nusu ya kumfundisha. Mwai Kibaki alitoka Othaya akalala bweni Mathari, shule ambayo leo ni Nyeri High, kisha akaenda Mang'u. Wangari Maathai alitoka Ihithe akiwa na umri wa miaka 11 kwenda kulala kwa masista wa Mtakatifu Sesilia, Mathari. Kila nyanya wa Nyeri anazijua hadithi hizi, na mafunzo yake yanajulikana: aliyefika mbali aliondoka nyumbani na sanduku. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Kibaki huyohuyo, akiwa rais, ndiye aliyeondoa ada ya masomo kwa sekondari za kutwa mwaka 2008, miaka mitano baada ya kufanya shule za msingi kuwa bure.

Naro Moru ina historia yake tofauti na ya Othaya au Tetu. Kieni ilikuwa nchi ya walowezi. Uhuru ulipokuja na mashamba yakagawanywa na kuuzwa, watu walipanda kutoka vijiji vilivyobanana vya kusini wakaja kwenye uwanda huu mkavu ulio nyuma ya mvua za mlima, wakajenga shule kwa harambee, darasa moja moja, kila familia na mchango wake. Kwa hiyo ile C4 ya kutwa ambayo mzazi anaiandika mwisho mara nyingi ni shule ambayo baba yake mwenyewe aliibebea mawe.

Chukua nyumba moja ya kubuni upande wa Kiamathaga, isiyo mbali na nyingi za kweli. Baba ni mpagazi wa mlimani. Huwabebea wageni mizigo kutoka lango la Naro Moru hadi Met Station, halafu kupitia lile tope refu mpaka kambi ya Mackinder, na kutoka hapo wageni hupanda usiku kuelekea kilele cha Lenana, mita 4,985. Msimu wake mzuri ni Januari na Februari, mvua zikiwa zimekatika. Mama ana kitunguu na kabeji kwenye kishamba, na anafanya kibarua wakati wa kupalilia. Binti yao wa kwanza, Wambui, ameitwa shule ya bweni ya C1, kaunti nyingine, mkondo wa STEM.

Furaha ya kwanza inadumu mpaka barua ya kujiunga inapochapishwa pale saiba, duka la intaneti. Karo ya mwaka kwa shule ya C1 ni shilingi 53,554. Mgawanyo wa wizara ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu, kwa hiyo Januari peke yake inadai 26,777. Tuseme gunia la viazi la kilo 50 limeshika bei ya shilingi 2,000, ambayo kwa mkulima ni bei ya kushukuru: ni magunia 14. Hayo ni kabla ya godoro, blanketi mbili, shuka, sanduku la bati lenye kufuli, ndoo, beseni, sweta mbili, sketi tatu, kalkuleta, kamusi, rimu ya karatasi. Sare zinatakiwa zinunuliwe shuleni. Mtu aliyewahi kuandaa mtoto wa Kidato cha Kwanza anajua kwamba orodha ya vitu hukaribia karo yenyewe, na nauli haijahesabiwa.

Hapo ndipo mazungumzo ya nyumba hubadilika. Mama Wambui atasema binti ameitwa na Mungu, Baba Wambui atajibu kwamba Mungu hakutaja tarehe 12 Januari, siku ya kuripoti. Atauliza kama kuna basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneobunge, na mama atamkumbusha kwamba basari hutoka wakati mtoto ameshafukuzwa mara mbili. Ng'ombe atatajwa. Mwishoni mmoja atauliza, kwa sauti ya chini ili binti asisikie: na hii ya hapa karibu, ina nini?

Familia nyingi ziliuliza swali kama hilo nchi nzima, japo zilianzia mwisho tofauti. Wizara ilifungua dirisha la kuomba kubadilishiwa shule kabla tu ya Krismasi. Yakaja maombi zaidi ya 350,000, na mengi yaligonga mwamba kwa sababu shule zilizoombwa zilikuwa zimejaa. Wengine walikuwa wanapanda: kutoka C3 kwenda C1. Wengine walikuwa wanashuka kwa hiari, wakitaka shule ya karibu na nyumbani, ya kutwa, yenye karo wanayoiweza. Gredi ya 10 ilipofunguliwa Januari 12, watoto wengi hawakutokea. Muda wa kuripoti ukaongezwa, na wakuu wa shule wakaagizwa wawapokee hata bila sare wala karo. Agizo kama hilo husikika vizuri kwenye redio. Langoni, mwenye kuhesabu magodoro ni bwana stoo.

Hata hivyo fedha haielezi yote, na hapa Kieni kuna jambo ambalo watu hulizungumza kwa kukatiza. Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la Hillside Endarasha Academy liliungua na wavulana 21 wakafa. Shule ile iko katika eneobunge hilihili. Ilikuwa ya msingi, na mwisho wa mwaka huo wizara ilifunga mabweni ya shule 348 za msingi kwa kukosa usalama. Wazee hapa walikumbuka pia 1999, moto wa Nyeri High ulioua viranja wanne. Baada ya Endarasha, mzazi anayempeleka mtoto shule mpya huzunguka bweni kwanza. Anatazama kama madirisha yana vyuma, kama mlango unafunguka kwa nje, vitanda vimeachana kiasi gani. Zamani angeuliza wastani wa KCSE. Baba mmoja akisema kwamba mwanawe atalala kwake mpaka amalize, siku hizi hapati wa kumcheka.

Lakini tusiifanye shule ya kutwa kuwa pepo. Naro Moru iko mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai ni baridi ya kukata masikio. Msichana anayeishi karibu na msitu anaondoka nyumbani kabla ya kupambazuka, na mahali ambapo uzio wa umeme wa shirika la Rhino Ark haujafika au umekatwa, anaondoka akisikiliza kama tembo wameshuka. Akirudi jioni kuna maji ya kuteka, ng'ombe wa kukamua, mdogo wake wa kubeba. Taa ya kusomea ni ya sola, na sola mwezi wa Julai haina kitu. Kwa mvulana, wazazi wanaogopa pombe haramu na ajira ya bodaboda, inayomlipa kijana leo kile ambacho fizikia itamlipa baada ya miaka kumi. Mama anayesema afadhali aende bweni hata kama ni la C3 hajadanganyika. Ananunua saa nne za usiku zenye taa.

Kwa hiyo ubishi wa bweni na kutwa hautaisha, na pengine si ubishi wenye uzito zaidi. Jambo ambalo wazazi wachache wamelitazama kwa karibu ni kile kinachotokea ndani ya shule ndogo pale wote wanapoikimbia.

Mwaka 2025 sekondari za Kenya hazikupokea Kidato cha Kwanza hata kimoja, kwa sababu kundi la mwisho la KCPE lilikuwa limeshaingia 2024 na watoto wa mtaala mpya walikuwa bado Gredi ya 9 kwenye shule za msingi. Shule ikabaki na vidato vitatu. Mgao wa serikali hufuata kichwa: shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na hata hizo Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge Julai 2025 kwamba hazina haiwezi kuzitoa zote. Shule kubwa ya wanafunzi 1,500 huumia ikipungukiwa na darasa. Shule ya kutwa ya wanafunzi 150 hukosa chaki. Sasa ipatie Gredi ya 10 yenye watoto 20, ambao nusu yao wanangoja uhamisho.

Katika sekondari pevu kila mwanafunzi ana masomo ya lazima, Kiingereza, Kiswahili au lugha ishara, hisabati na huduma kwa jamii, halafu masomo matatu ya kuchagua kufuatana na mkondo wake. Shule inaweza kuwa na mikondo miwili au mitatu, na STEM haikosekani popote. Lengo la serikali ni asilimia 60 ya wanafunzi waende huko. Kwenye karatasi, basi, binti wa Kiamathaga anaweza kusoma fizikia, kemia na biolojia dakika 20 kutoka kwao. Kwenye chumba cha walimu ni habari nyingine. Tume ya walimu, TSC, hupeleka walimu kwa kutazama idadi ya madarasa na mzigo wa vipindi. Watoto 20 waliotawanyika kwenye michanganyiko minne ni watoto watano kwa kila mchanganyiko, na hakuna atakayemwajiri mwalimu wa fizikia kwa watoto watano. Mwalimu mkuu anaiondoa fizikia. Mwaka unaofuata mzazi anasikia kwamba pale hakuna fizikia, anaiandika shule ile mwisho, na watoto wanakuwa 15. Kila mzazi katika mnyororo huo amefanya uamuzi wenye akili, na wote kwa pamoja wameivunja shule iliyo mlangoni pao.

Majirani wetu wa Tanzania wamepita hapa. Walipoanza kujenga shule za kata kwa wingi miaka ya 2000, watu walizicheka: majengo bila maabara, walimu wawili kwa shule nzima, wengine wakitoka chuoni baada ya mafunzo ya wiki chache. Wenye uwezo waliwapeleka watoto wao shule binafsi. Leo wengi wa wanafunzi wa sekondari za Tanzania wako kwenye shule hizohizo, na malumbano yamehama kutoka kuwa nazo au kutokuwa nazo hadi maabara na mwalimu wa hisabati. Hakuna aliyezifanya nzuri kwa kuziandika mwisho.

Sisi tuna nafasi moja ambayo wao hawakuwa nayo. Madarasa yapo tayari, ya mawe, yaliyojengwa na babu zetu, na mengine matupu tangu 2025. Kama mgao ungefika kamili na kwa wakati, kama shule mbili za kutwa zilizoachana kilomita chache zingeruhusiwa kugawana mwalimu mmoja wa fizikia kwa ratiba, na kama fedha zinazomwagwa kwenye mabweni mapya ya shule zilizojaa zingejenga maabara moja kwa kila wadi, kuanzia Naromoru Kiamathaga, Thegu River, Kabaru na Gakawa, mzazi angekuwa na kitu halisi cha kulinganisha. Mbunge anayekata utepe wa basi la shule ya bweni hupigwa picha nzuri zaidi, hilo nalijua.

Gredi ya 9 ya mwaka huu itajaza fomu zake, pengine kwa orodha ileile ya shule 12. Mzazi anayenisoma, akiwa na mtoto huko, ningemwomba aanze kujaza kutoka chini. Apande bodaboda siku ya wiki, siyo siku ya mkutano wa wazazi, aingie kwenye ile ya kutwa anayoipita kila siku akienda sokoni Chaka. Asiulize wastani. Aombe kuonyeshwa ratiba ya Gredi ya 10 iliyobandikwa ukutani na ahesabu michanganyiko inayofundishwa kweli. Aulize chakula cha mchana ni shilingi ngapi kwa muhula, kwa sababu shule ya bure ina sufuria ya kulipiwa. Aangalie kama maabara ina bomba linalotoa maji. Akutane na mwalimu wa fizikia, na kama hayupo, amuulize mwalimu mkuu ni watoto wangapi wanahitajika ili aletwe. Hiyo ni nambari ambayo wazazi wa kijiji kimoja, wakikaa pamoja jioni moja kabla fomu hazijafungwa, wanaweza kuitimiza.